Nguvu ya Skuta Ndogo: Rudisha Iliyopotea Kabla ya Kununua Nyingine

Skuta ya CC 125 yenye afya haihitaji kubembelezwa. Itabeba watu wawili kutoka Malindi mjini hadi Gede bila kulalamika, maana barabara ile haina mlima wa kusema na hewa ya pwani ni nzito, injini inashiba. Ukiona yako inapitwa na tuktuk iliyojaza abiria, usikimbilie kuagiza silinda kubwa wala ekzosi ya mashindano kutoka Mombasa. Mara nyingi nguvu za kiwandani bado zimo, ila haziifikii tairi, au zinakabwa mapema kabla injini haijazitoa. Chumvi imekula kidogo, vumbi la Ganda na Kakuyuni limekula kidogo, mkanda umelika, na fundi wa mwisho aliacha kitu nusu nusu. Kuzirudisha ni kazi ya shilingi mia chache na asubuhi moja ya subira. Kuongeza nyingine juu yake ni hesabu tofauti, na inakuja mwisho.

Vipimo vingi hapa ni vya injini ya GY6, kwa sababu ndiyo iliyofungwa kwenye skuta nyingi za bei nafuu: silinda moja, mipigo minne, inapozwa kwa upepo wa feni. Asili yake ni muundo wa Honda, KYMCO ya Taiwan ikauendeleza, kisha viwanda vya China vikainakili mpaka spea zake zikawa hazikosekani. Ya 125 ina silinda yenye kipenyo cha milimita 52.4 na pistoni inasafiri milimita 57.8, ya 150 ina kipenyo cha 57.4 na safari ni ileile. Kama yako ni ya aina nyingine, utaratibu haubadiliki, ila namba zitoe kwenye kitabu chake.

Kwanza jua inakosa nini

Watu husema tu "haivuti", na fundi naye anafungua kabureta, kwa sababu ndiyo anayoizoea. Kuna kutovuta kwa namna tatu, na kila moja ina mlango wake.

Ya kwanza: injini inapiga kelele, resi inapanda, lakini chombo hakiendi sawasawa na kelele. Hapo injini haina kosa. Tafuta kwenye mkanda, rola na klachi. Ya pili: injini yenyewe inagoma kupanda resi, inakohoa, inasita, au inafika nusu na kukwama hapo. Hiyo ni hewa, petroli, moto au valvu. Ya tatu ndiyo inayochosha watu: inatoka nyumbani vizuri, ikifika mbele inaanza kufa pole pole, ukisimama dakika tano inapona. Hapo shuku petroli isiyoshuka, au joto.

Hii ya tatu ina jaribio lisilogharimu hata senti. Ikianza kufa, simama, fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa mlio wa fyuu, na skuta ikaendelea vizuri baada ya hapo, basi tundu la hewa la kifuniko limeziba. Petroli inaposhuka lazima hewa iingie mahali pake, la sivyo inakwama. Zibua kwa upepo wa kompresa pale kwa fundi wa pancha, na kazi imekwisha. Kama hakuna mlio, angalia koki ya petroli. Skuta nyingi zina koki inayofunguliwa na mvuto wa injini kupitia kimpira chembamba. Kimpira kikipasuka, koki inafunguka nusu tu. Chomoa kimpira hicho, na ukikuta petroli ndani yake, kiwambo cha koki, yaani utando wake wa ndani, kimetoboka. Badilisha koki nzima, usiitengeneze.

Breki, upepo na mizigo ya bure

Pandisha skuta kwenye stendi kubwa, injini ikiwa imezimwa, uzungushe tairi la nyuma kwa mkono. Lisikie. Msuguano kidogo wa gia ni kawaida, lakini likisimama mara tu unapoliachia, breki inashika. Kebo ya breki ya nyuma iwe na ulegevu wa sentimita moja hadi mbili kwenye ncha ya mkono wa breki kabla haijaanza kukamata. Kebo za hapa huota kutu ndani, zinavutwa lakini hazirudi, kwa hiyo unaendesha na breki imebanwa bila kujua. Dondosha oili nyepesi ndani ya kebo, na kama haijalainika, nunua nyingine.

Upepo wa tairi ndogo za inchi 10 hupungua upesi kuliko watu wanavyodhani. Kwa skuta nyingi za kiwango hiki mbele ni karibu PSI 25 na nyuma kati ya 29 na 33, zaidi ukibeba mtu. Upime asubuhi tairi likiwa baridi. Tairi la nyuma lenye PSI 18 linakula mwendo kuliko jeti yoyote ya kabureta utakayobadilisha.

Hewa, vumbi na chumvi

Chujio la sponji lioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya unga, likamuliwe bila kusokotwa, likauke kivulini, kisha lilowekwe oili kidogo tu ya injini na kukamuliwa mpaka lisidondoke. Sponji kavu linapitisha vumbi laini, na vumbi la barabara za ndani ni laini kama unga wa ngano. Sponji lililozidi oili nalo linaikaba injini. Chujio la karatasi halioshwi: ligongegonge, lipulize kutoka ndani kwenda nje, na likiwa jeusi litupe. Wakati wa kaskazi, mvua zikiwa mbali, lifungue kila wiki mbili kama unapita njia za vumbi.

Usiendeshe bila boksi la chujio kwa kusikia eti injini inavuta hewa zaidi. Kabureta ya skuta hizi ni ile ya kiwambo, ambayo kipande chake cha katikati huinuliwa na mvuto wa hewa, na imepangwa kwa boksi lake. Ukiliondoa, mchanganyiko unazidi hewa, injini inasita katikati, na mchanga unaingia moja kwa moja kwenye ringi za pistoni.

Chumvi ni habari ya pwani peke yake. Inakula viunganishi vya waya mpaka vinaota kijani, na moto wa plagi unadhoofika bila mtu kuona kitu. Tafuta waya wa udongo unaofungwa kwenye injini au fremu, ufungue, piga msasa mpaka chuma king'ae, funga tena na upake vaselini juu. Fanya hivyo kwenye vichwa vya betri na kwenye koili. Ukiosha skuta baada ya kupita ufukweni, tumia maji ya mfereji. Visima vingi vya mjini karibu na bahari vina maji ya chumvi, na kuosha kwa maji hayo ni kuongeza kile ulichokuwa unakiondoa.

Kitu kingine kinachosahaulika ni koti la plastiki au bati linalozunguka silinda. Kazi yake ni kuelekeza upepo wa feni kwenye mapezi ya silinda. Fundi akifungua injini halafu akarudisha vipande viwili kati ya vitatu, upepo unatorokea pembeni, injini inapata moto kupita kiasi, na nguvu inapungua baada ya kilomita kumi. Vipande vyote virudi, na bolti zake zote.

Kabureta, na skuta zinazotoka Nairobi

Skuta nyingi zinazouzwa mitumba hapa zimetoka bara. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15 hadi 20 ukilinganisha na ya Malindi. Fundi wa huko akiipunguzia petroli ili isimiminike, alifanya sawa kwa mahali pale. Ikishushwa pwani, kipimo kilekile cha petroli kinakutana na hewa nyingi zaidi. Kabureta ya kiwambo hujirekebisha kiasi, lakini si yote. Matokeo yake ni skuta inayowaka kwa shida asubuhi, inasita ukifungua resi ghafla, inapasuapasua kwenye ekzosi ukifunga resi, na plagi inatoka nyeupe. Mtu anaambiwa injini imechoka, kumbe imekosa petroli tu.

Anza kwa kusafisha. Fungua skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, mwaga petroli kwenye chupa nyeupe, utazame. Maji hukaa chini kama ushanga, mchanga huonekana, na kutu ya tangi huwa ya rangi ya tofali. Ukikuta kutu, chujio la petroli la plastiki linalopita mwanga linunuliwe leo hii, na tangi lisafishwe, la sivyo utarudia kazi mwezi ujao.

Kisha vua bakuli. Kuna jeti mbili, vile vipande vyenye tundu la kupitishia petroli. Ndogo inalisha injini kwenye resi ya chini na unapoanza kufungua. Kubwa inalisha kuanzia katikati kwenda juu. Jeti ndogo ina tundu jembamba sana na ndiyo inayoziba kwanza skuta ikikaa bila kutumika. Iinue juani uone mwanga kupitia humo: mwanga uwe duara kamili. Zibua kwa upepo, ikikataa tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Usitumie sindano wala waya wa chuma, kwa sababu ukipanua tundu hata kidogo namba iliyoandikwa kwenye jeti inakuwa uongo.

Ukifungua kifuniko cha juu utakuta kiwambo cha mpira mweusi. Kishike kwenye mwanga ukinyooshe taratibu. Tundu la ukubwa wa kichwa cha pini linatosha kuifanya skuta ifike nusu ya mwendo na kukataa kuongeza. Dawa ya kusafishia kabureta isiguse mpira huu. Unavimba na hauingii tena kwenye mfereo wake. Ukivimba kwa petroli tu, uache upeperuke hewani, mara nyingi unarudi.

Sasa kurekebisha. Injini ipate moto vizuri, kama dakika kumi za kuendesha, si za kusimama. Skrubu ya mchanganyiko ifunge pole pole mpaka iguse, bila kuikaza, kisha ifungue mizunguko miwili. Washa. Ifungue robo mzunguko kwa wakati mmoja, kila mara ukisubiri sekunde chache, mpaka resi ya chini ifike juu kabisa na injini iwe laini. Hapo isimamishe, halafu tumia skrubu ya resi kuirudisha chini mpaka tairi la nyuma lisizunguke kwa nguvu. GY6 hupenda mizunguko 1,500 hadi 1,700 kwa dakika ikiwa imesimama. Ikiwa imefika mizunguko mitatu na nusu na bado inataka zaidi, jeti ndogo imeziba au ni ndogo mno. Ikiwa skrubu haileti tofauti yoyote, hewa inaingia mahali pengine. Nyunyiza maji ya sabuni kwenye shingo inayounganisha kabureta na hedi, injini ikinguruma: resi ikibadilika, shingo imepasuka. Mipira hii hupasuka kwa jua na joto, na nyufa hazionekani mpaka uikunje.

Kwa ile inayosita katikati tu, kuna ujanja wa bei ya wosha. Sindano inayoning'inia ndani ya kabureta, mara nyingi haina ngazi za kuipandisha. Weka wosha nyembamba ya shaba, ya nusu milimita, chini ya kichwa chake. Inainuka kidogo, petroli inaongezeka sehemu ya katikati, na skuta iliyotoka Nairobi inabadilika tabia. Wosha moja, ujaribu. Mbili zikihitajika, rudi kwenye jeti kubwa kwanza.

Kama skuta yako ina injeksheni, hayo yote hayakuhusu. Safisha koo la hewa, badilisha chujio, angalia pampu, na uache kompyuta ifanye hesabu zake.

Kuhusu petroli yenyewe: injini yenye mbano (yaani kiasi ambacho pistoni hubana mchanganyiko kabla haujawaka) wa karibu 9 kwa 1 haihitaji dawa za kuongeza nguvu zinazouzwa kwenye vichupa. Hizo weka kando. Kinachoumiza ni petroli iliyochanganywa mafuta ya taa, hasa ya chupa za kando ya barabara. Tatizo lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2018 Serikali ya Kenya iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya uchanganyaji. Dalili zake ni moshi mweupe wenye harufu ya kibatari, injini kugonga ikipata mzigo, na plagi kujaa masizi baada ya siku chache.

Plagi na valvu

Plagi ya GY6 ni ya uzi wa milimita 10, aina ya C7HSA au CR7HSA, na pengo lake ni milimita 0.6 hadi 0.7. Ya kahawia hafifu ni nzuri, nyeusi yenye masizi makavu imezidi petroli, nyeupe imezidi hewa, nyeusi yenye unyevu wa oili inasema ringi au sili ya valvu imechoka. Ikaze kwa mkono mpaka iguse, kisha nusu mzunguko kwa spana kama ni mpya. Uzi wa aluminiamu ukiharibika utalipa mara ishirini ya bei ya plagi. Plagi bandia zimejaa madukani. Maandishi yaliyopinda na kauri yenye vidoa ni sababu tosha ya kuirudishia duka.

Valvu ndizo zinazopuuzwa zaidi, na zina faida kubwa kuliko karibu kila kitu kingine kwenye injini iliyotembea. Injini iwe baridi kabisa, imelala usiku kucha. Fungua bolti nne za kifuniko cha hedi, vua plagi ili iwe nyepesi, zungusha feni mpaka alama ya T kwenye gurudumu la sumaku ilingane na alama ya kwenye kasha. Shika tapeti zote mbili, vile vikono vinavyosukuma valvu: ziwe na ulegevu kidogo. Zikiwa zimebanwa, uko kwenye mzunguko usio wake, zungusha raundi nzima moja zaidi. Ingiza fila geji (kibati chembamba cha kupimia pengo) ya milimita 0.10, ipite kwa kusuguasugua, si kwa kulazimishwa wala kwa kuteleza. Legeza nati, geuza kichwa kidogo cha tapeti, kaza nati huku umekishika kichwa kisizunguke, upime tena, kwa sababu karibu kila mara kinasogea wakati wa kukaza.

Hapa mafundi wengi hukosea kwa kupenda ukimya. Wanabana tapeti mpaka kelele iishe, mteja anafurahi, na valvu ya ekzosi inaanza kutofunga sawasawa. Joto la valvu hutoka pale inapogusa kiti chake. Isipogusa, inaungua ukingoni, mbano unatoroka, na skuta inawaka vizuri asubuhi lakini inakataa ikiwa na moto. Kelele ndogo ya tik tik inasameheka. Valvu iliyobanwa haikuonyi.

Kama bado injini ni dhaifu, omba fundi apime mbano kwa geji, resi ikiwa wazi kabisa. Karibu PSI 150 ni salama. Ikiwa chini ya 100, tia kijiko cha chai cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena. Mbano ukipanda, ringi zimelika. Usipopanda, tazama valvu.

Mkanda na rola, ambako nguvu nyingi hupotelea

Skuta haina gia za kubadilisha kwa mguu. Ina puli mbili zinazojipanua na kujibana, na mkanda katikati. Puli ya mbele, varieta, ina rola sita ndani. Injini ikizunguka kwa kasi, rola zinasukumwa nje, zinabana puli, mkanda unapanda, na mwendo unaongezeka. Rola zikiwa nzito, mkanda unapanda mapema na injini inajikuta kwenye gia kubwa kabla haijapata nguvu. Zikiwa nyepesi, injini inashika resi ya juu zaidi kwanza, na skuta inaruka vizuri kutoka kusimama.

Fungua kasha la kushoto, bolti nyingi za kichwa cha milimita 8, na uzipange kwenye kadibodi kwa mpangilio uliozitoa kwa sababu urefu haulingani. Ndani kuwe na vumbi jeusi kavu. Ukikuta oili, sili ya mbele au ya nyuma inavuja na mkanda unateleza. Tengeneza hilo kwanza. Ukikuta kutu kwenye nyuso za puli, ni skuta iliyokaa karibu na bahari bila kutembea, au iliyopita kwenye maji ya mvua za masika. Sugua kwa brashi laini ya kusugulia sufuria, ufute kwa kitambaa kilichoguswa petroli.

Mkanda una namba zilizoandikwa mgongoni. Kwa GY6 ya kasha fupi ni 743-20-30, kasha refu 842-20-30: urefu, upana wa milimita 20, na pembe ya nyuzi 30. Upime upana kwa kaliperi. Ukifika milimita 18, badilisha hata kama haujakatika, kwa sababu mkanda mwembamba unazama ndani ya puli na haufiki juu, na mwendo wa mwisho unapotea. Ukunje kinyume uangalie nyufa kati ya meno. Usinunue kwa macho. Beba wa zamani dukani.

Kufungua nati ya varieta bila kuvunja kitu, njia rahisi ni mashine ya upepo ya fundi wa matairi. Usiingize bisibisi kwenye mapezi ya feni kuizuia, yanavunjika, na pezi moja likivunjika feni yote inatetemeka.

Rola za GY6 kubwa ni za milimita 18 kwa 14. Ziviringishe juu ya kioo: iliyolika ubavu itasimama kama sarafu iliyokanyagwa. Ubavu huo unaifanya inate mahali pamoja na skuta inasita kwa mwendo uleule kila siku. Zipime kwenye mizani ya sonara, zote sita, kwa sababu namba ya kwenye pakiti si ya kuaminika. Kwa mtu anayebeba abiria au anayepita mchanga wa njia za Mambrui, punguza gramu moja hadi moja na nusu kutoka uzito wa kiwandani, si zaidi. Kama zilikuwa za gramu 13, jaribu 12 au 11.5. Uzito wa nusu unaupata kwa kuchanganya: tatu za 12 na tatu za 11, ukizipanga moja moja kwa kupokezana. Zinaingia kavu. Hakuna grisi kwenye rola wala kwenye nyuso za puli. Grisi hukusanya vumbi, inageuka ulimbo, na inarukia mkanda. Angalia pia vile vipande vitatu vya plastiki vinavyoteleza kwenye bamba la nyuma. Vikilegea vinagongagonga kwenye resi ya chini, na bei yake ni ndogo mno kuvihurumia.

Kurudisha ndiko kunakoharibu watu. Kabla ya kufunga uso wa nje wa varieta, bana mkanda uingie ndani kabisa ya puli ya nyuma ili mbele uwe legevu. Usipofanya hivyo, uso wa nje unaubana mkanda badala ya kukaa kwenye meno ya kishimo chake. Nati inakaza vizuri mkononi, lakini imekaza juu ya mkanda. Baada ya kilomita chache mkanda unajipanga, nati inalegea, na meno ya kranki, mhimili mkuu wa injini, yanasagika. Kranki ya kubadilisha si kazi ya mia chache. Hakikisha ncha ya kranki yenye meno inatokeza kupitia uso wa nje kabla ya kuweka wosha na nati.

Halafu pima ulichokifanya. Chora mistari mitatu kwa kalamu ya wino mzito kwenye uso wa varieta, kutoka katikati hadi ukingoni. Funga, nenda barabara iliyonyooka ya kuelekea Msabaha, fungua resi yote mpaka mwendo wa mwisho, rudi, ufungue kasha. Mkanda utakuwa umefuta wino mpaka pale ulipofika. Ukibaki wino mpana ukingoni, mkanda haupandi mpaka juu: ni mwembamba, au rola ni nyepesi kupita kiasi, na utakuwa unapoteza mwendo na petroli huku injini ikilia. Wakati wa kusi, kumbuka upepo unakupiga usoni ukielekea kusini. Jaribu pande zote mbili kabla ya kuhukumu rola.

Klachi ipige msasa kidogo kama viatu vyake vimeng'aa kama kioo, na ndani ya bakuli lake pia. Fanya nje, ukiwa umeziba pua. Springi kubwa ya puli ya nyuma ikiwa fupi kuliko mpya, weka mpya ya kawaida. Zile ngumu zinazouzwa kama za mashindano zinabana mkanda bure kwa injini ndogo na kuupasha moto.

Oili ya injini ni karibu lita 0.8 ya 10W-40, na oili ya gia ya nyuma, ambayo watu husahau mpaka beringi zilie, ni kidogo tu, kati ya mililita 100 na 200 kulingana na muundo. Klachi ya skuta ni kavu, kwa hiyo oili yenye alama ya JASO MB (kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki) inafaa. Usiichukue hiyo kumtilia jirani mwenye boda. Klachi yake imo ndani ya oili, na itateleza. Yeye anahitaji MA.

Ukitaka zaidi

Kukata ekzosi kunaongeza kelele tu. Kilichokuwa kimepangwa kusawazisha mchanganyiko kinaharibika, na askari wa barabarani anakusikia kabla hajakuona. Kitu cha kuangalia kwenye ekzosi ni gasketi yake ya hedi. Ikivuja, skuta inapasuapasua ukifunga resi, na kabureta inalaumiwa bila kosa.

Kama kila kitu hapo juu kimekaa sawa na bado unataka nguvu, njia yenye maana kwa GY6 ya 125 ni silinda na pistoni ya 57.4, yaani kuifanya 150, kwa kuwa safari ya pistoni ni ileile. Hakikisha kwanza kasha la chini linapokea silinda hiyo kwa kuipima na kuilaza juu yake, kabla ya kulipa. Jeti kubwa ipande hatua mbili au tatu, na uanze na iliyozidi petroli kidogo, kwa sababu pistoni mpya iliyokosa petroli inakwama ndani ya siku moja. Fahamu pia kwamba CC za kwenye logibuku hazitalingana tena na injini, na hilo ni suala la NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, na bima, lirekebishwe mapema. Kwa kilomita 300 za kwanza usishike resi moja kwa muda mrefu na usibebe mtu. Zikiisha, mwaga oili ingali na moto, subiri injini ipoe usiku kucha, kaza nati za hedi kwa msalaba, kisha upime tapeti upya.